"Boy": mvulana au mtumishi?
Muulize mwanafunzi yeyote maana ya "boy", atakujibu fasta: mvulana. Ila katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 13 na 14, neno hilo lilimtaja mtumishi, au mtu wa hali ya chini. Maana ya mtoto wa kiume ilitia mizizi baadaye.

Enzi za ukoloni, utumishi na utoto vikaunganishwa. Mzee mwenye wajukuu, akipika kwa mzungu, aliitwa "boy". Kiswahili nacho kikapata "boi". Mwaka 1956 Ferdinand Oyono wa Kamerun aliliweka neno hilo kwenye jina la riwaya yake ya Kifaransa, Une vie de boy.

Mwaka 1968, wazoa taka weusi wa Memphis, Marekani, ambao nao walizoea kuitwa hivyo, waligoma wakiwa na mabango: mimi ni mwanamume. Ndo ujue herufi tatu tu zaweza kumnyima mtu utu uzima wake.