Atiman wa Karema na Miaka 90 ya Kusaka Dawa ya Kidonda

Mwaka huu, 2026, imetimia miaka 70 tangu afariki Adrien Atiman, tabibu wa Karema kando ya Ziwa Tanganyika. Hapa Sumbawanga jina lake linatajwa kila siku, maana hospitali ya Kanisa Katoliki imepewa jina hilo. Nahofia wengi wetu tunalitaja bila kumjua mwenyewe.

Habari zake tunazipata hasa katika simulizi yake, iliyochapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa. Wamisionari wa Afrika walimkomboa huko Algeria. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, aliamini kwamba Mwafrika aliyesomea utabibu angeweza kuoa na kuishi miongoni mwa watu anaowatibu, wakawa ndugu zake. Ndipo Atiman akapelekwa Malta, akasoma tangu 1881 hadi 1888. Mwaka 1889 aliingia Karema baada ya safari ndefu ya miguu kutoka pwani. Akaoa huko, mwanawe akawa padre, naye akaganga watu kwa miaka 67.

Umri wake unakaribia kulingana na historia ya dawa za kuua vijidudu vya kidonda. Agosti 1865, mjini Glasgow, Joseph Lister alimpokea James Greenlees, mtoto wa miaka 11 aliyevunjwa mguu na gurudumu la mkokoteni, mfupa ukatoboa ngozi. Enzi zile jeraha kama hilo mara nyingi liliishia kukatwa mguu, au kaburini. Lister alilifunga kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya kaboli. Baada ya wiki sita mtoto alirudi nyumbani akitembea.

Lakini kaboli iliunguza ngozi. Mwaka 1908 Antonio Grossich alianza kueneza matumizi ya ayodini ya kupaka kwenye ngozi kabla ya upasuaji.

Ugomvi mkubwa kuhusu dawa hizi ulizuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Juni 1916 Waingereza waliiteka Bismarckburg, ndiyo Kasanga yetu. Mwaka huohuo madaktari wao walikuwa wakivutana kuhusu vidonda vya askari waliojeruhiwa Ufaransa, vilivyojaa udongo na usaha. Watson Cheyne, mwanafunzi wa Lister, alishikilia dawa kali. Almroth Wright akampinga waziwazi: katika kidonda kirefu dawa haifiki vijidudu vilikojificha, ila inaziua chembe nyeupe za damu zinazopambana navyo. Yeye alihimiza maji ya chumvi, na msaidizi wake, Alexander Fleming, alimuunga mkono kwa majaribio. Henry Dakin na Alexis Carrel wakaja na njia ya tatu: ondoa nyama iliyokufa, kisha osha mara kwa mara kwa klorini hafifu.

Kisha zikaja dawa mpya za kuua vijidudu: kloheksidini ilitokea mwaka 1954, povidoni ayodini 1955, na Atiman akafariki 1956. Baadaye, mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kloheksidini yenye spiriti kwa ngozi ya anayepasuliwa. Mwaka huohuo utafiti wa Pemba, uliohusisha karibu watoto wachanga 37,000, haukuthibitisha kwamba kupaka kloheksidini kitovuni kunapunguza vifo, ingawa tafiti za Asia ya Kusini zilikuwa zimeleta matumaini makubwa.

Hoja ya Wright haijachakaa. Bado wapo wanaoamini kwamba dawa inayowasha zaidi ndiyo inayoponya zaidi, wakamimina spiriti kwenye kidonda kibichi. Spiriti ni ya ngozi isiyo na jeraha, kabla ya sindano au kisu, na iachwe ikauke. Kidonda kilicho wazi kwanza kioshwe kwa maji safi mengi au maji ya chumvi ya hospitali. Ayodini au kloheksidini ifuate kwa kipimo cha mhudumu wa afya, nayo kloheksidini isiingie machoni wala ndani ya sikio. Ukiumwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kumbukumbu hii ya miaka 70 ya Atiman isiishie kwenye misa na hotuba. Simulizi ya Atiman ilitoka katika jarida la Kiingereza. Watoto wa Ufipa na Karema wanastahili kuisoma shuleni kwa Kiswahili, na somo hilohilo liwafundishe kuosha kidonda.