Kirangozi: Neno la Wajuzi wa Njia

Neno kiongozi latajwa kila siku katika misioni zetu: kiongozi wa sala, kiongozi wa jumuiya. Lakini wazee wa misafara walikuwa na neno jingine, ndugu ya hilo, nalo tumelisahau: kirangozi. Yafaa tuulize maana yake.

Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji kando ya ziwa Tanganyika. Mingine ilivuka ziwa hadi Manyema na Nyangwe. Mwenye mali alikuwa mfanyabiashara, lakini aliyetangulia alikuwa kirangozi, mara nyingi Mnyamwezi aliyeipita njia ile tangu ujana. Alijua maji yapatikana wapi wakati wa kiangazi, mtemi gani adai hongo, na kambi ipigwe wapi. Alivaa nguo nyekundu na manyoya ya ndege, na ngoma ikalia nyuma yake. Tena, tuangalie hili: yeye naye alibeba mzigo, ijapokuwa mwepesi.

Basi kirangozi si mtu aliyetembea mbali tu, maana wapagazi wote walitembea mbali. Ni yule ambaye safari zake za zamani zimekuwa usalama wa wenzake.

Mapadri nao walimhitaji. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe ulitoka Bagamoyo. Padri Pascal alikufa kwa homa njiani. Wenzake wa Tanganyika wakafika Ujiji Januari 1879. Watu hao walijua teolojia, njia hawakuijua. Wahubiri wakafuata nyayo za wasiobatizwa.

Walakini tusimsifu kirangozi pasipo kipimo. Njia ile ile, kwa ngoma ile ile, ilipitisha pembe za ndovu na watumwa. Watu wa Manyema walipelekwa pwani wakiwa na minyororo shingoni, na mbele yao alikwenda mjuzi wa njia. Kwa hiyo ujuzi peke yake si fadhila. Yatupasa kuuliza: anaongoza wapi, na nani yuko nyuma yake?

Mwaka 1917, kule Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati hizi. Mbele yake hakuwako Mkongo wa kumwonyesha njia ile. Sisi tulio nyuma twaikuta imekanyagwa.

Yezu amefundisha ya kuwa mchungaji mwema hutangulia mbele ya kondoo zake. Nasi makatekista na mapadri, tukiwatwisha wakristu mizigo tusiyoigusa, tukibaki nyuma na fimbo, tutaitwa wasimamizi. Jina la kirangozi hatulistahili.