Sotoka Iliondokaje? Hoja Dhidi ya Kuhesabu Dozi

Tangu Juni 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipotangaza kwamba sotoka imetokomezwa duniani, ushindi huo hutajwa kila inapozinduliwa kampeni mpya ya mifugo. Husimuliwa hivi: ugonjwa ulikuwepo, ikapatikana chanjo nzuri, ng'ombe wakachanjwa kwa mamilioni, ugonjwa ukaisha. Mkakati wa kutokomeza sotoka ya mbuzi na kondoo ifikapo 2030, uliozinduliwa Abidjan mwaka 2015, una mengi zaidi ya hayo katika maandishi; lakini unaposhuka wilayani, kinachoulizwa kwanza ni dozi ngapi zimetumika. Makala hii inapinga simulizi hiyo. Sidai kwamba chanjo haikuwa na kazi. Nadai kwamba katika Afrika Mashariki chanjo njema ilikuwepo kwa zaidi ya miaka 30 na kirusi kikaendelea kuishi, na kwamba kilichobadilisha mambo ni kujua kilikojificha.

Kuhusu ukubwa wa janga lenyewe hakuna ubishi. Sotoka iliingia Pembe ya Afrika kupitia Massawa mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia, na katika muda wa miaka kumi ikafika kusini kabisa mwa bara. Kwa makadirio ya kawaida iliua ng'ombe 8 hadi 9 katika kila 10. Wamaasai wanakiita kipindi hicho emutai, maangamizi.

Ubishi unaanzia kwenye namna ulivyokwisha. Chanjo iliyosifiwa kuliko zote ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake, karibu na mwaka 1960. Ilikuwa salama kwa ng'ombe wa kila aina, na dozi moja ilimkinga mnyama maisha yake yote. Kwa sifa hizo ikaanzishwa kampeni ya pamoja ya nchi za Afrika, JP15, iliyoendeshwa kuanzia 1962 hadi 1976. Ripoti zilipendeza. Yalibaki maficho machache tu, mpakani mwa Mali na Mauritania na upande wa Sudan na Ethiopia. Kutoka humo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ugonjwa ukafumka tena na kulikata bara kwa upana wake. Watetezi wa kampeni husema fedha zilikatika na serikali zikalegea. Ni kweli, ila hilo si jibu. Ni nani angekata fedha huku anaona moto bado unafuka? Kipimo kilichotegemewa, yaani idadi ya dozi, hakikuwa na uwezo wa kuonyesha moshi.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko wote unatoka Tsavo. Mwaka 1994 nyati na tandala wadogo walianza kufa huko kwa wingi, na maabara ikathibitisha kirusi cha sotoka cha ukoo wa pili wa Afrika, ukoo ambao haukuwa umeonekana kwa zaidi ya miaka 30. Kilikuwa wapi muda wote huo? Si katika wanyamapori peke yao. Serengeti ilikwisha kutufundisha hilo: ng'ombe wa jirani walipochanjwa, sotoka ilitoweka kwa nyumbu bila nyumbu hata mmoja kuchomwa sindano, na idadi yao ikapanda kutoka takribani 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Basi kirusi kilikuwa ndani ya ng'ombe, katika ukanda ambao wachanjaji walikuwa wakipita. Kwa ng'ombe ukoo huu ulikuwa mpole: homa fupi, machozi, vidonda vichache mdomoni, kuhara kidogo, kisha mnyama anapona. Bwana mifugo aliyefundishwa sotoka ya vitabuni, ile ya mizoga iliyotapakaa, hakuwa na sababu ya kuishuku. Chanjo nayo iliongeza pazia. Kingamwili zinazotokana nayo hazitofautiki na zile za maambukizi, kwa hiyo damu ya ng'ombe waliochanjwa haiwezi kusema kama kirusi kimepita. Waliojua walikuwa wafugaji. Jeffrey Mariner na Peter Roeder walipowahoji wafugaji katika ukanda wa Wasomali, walielezwa ugonjwa mpole wenye dalili zilizolingana na za ukoo huo. Maelezo ya namna hiyo ndiyo yaliyosaidia kuonyesha pa kutafuta: kusini mwa Somalia na maeneo ya Kenya na Ethiopia yanayopakana nako. Na ili damu isomeke, ilibidi chanjo isitishwe, uamuzi ulioonekana wa hatari. Maambukizi ya mwisho yanayojulikana yalipatikana kwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001.

Pingamizi la kwanza ni kwamba ushindi uliletwa na chanjo bora zaidi, ile isiyohitaji barafu wakati wote. Tuitazame vizuri. Kinga yake ilikuwa ileile ya Plowright. Kilichoboreshwa ni uvumilivu wake wa joto. Faida ya uvumilivu huo ni kwamba dozi ziliweza kutoka kwenye gari lenye jokofu na kubebwa na vijana waliochaguliwa na wafugaji wenyewe. Huko Afar, Ethiopia, ambako timu za serikali zilihangaika kwa miaka, kazi hiyo ilikabidhiwa vijana hao mwaka 1994. Baada ya 1995 mlipuko haukuonekana tena. Pingamizi la pili ni China, iliyojisafisha katikati ya miaka ya 1950 kwa kuchanja umma wa ng'ombe. Lakini China ilifaulu kwa chanjo za zamani, kabla ya ile ya Muguga, kwa sababu dola lilifika kila kijiji. Mfano huo unanisaidia mimi kuliko unavyowasaidia wapinzani wangu. La tatu ni kwamba wafugaji huficha magonjwa. Huficha, naam, na anayeficha ni anayejua. Akitoa taarifa, mnada unafungwa na karantini inamwangukia yeye. Gharama hiyo imewekwa na serikali, na serikali inaweza kuipunguza.

Kwa mbuzi na kondoo hoja hii inazidi kuwa kali. Mbuzi akitunzwa anaweza kuzaa mara tatu katika miaka miwili, mara nyingi mapacha, hivyo kundi lililochanjwa vizuri mwaka huu limejaa vitoto visivyo na kinga mwaka ujao. Chanjo inayotumika sana, Nigeria 75/1, nayo haiachi alama ya kuitofautisha na ugonjwa. Kuchanja kila mahali, kila mwaka, kidogo kidogo, ni kurudia JP15 kwa mnyama anayezaliana upesi zaidi, na kujifunga macho juu yake. Wizara zinazopanga kampeni hizi naziomba jambo moja: ripoti inayoanza na idadi ya dozi irudishwe kwa aliyeiandika, aeleze kwanza ni makundi gani hayakufikiwa, na wafugaji wa hapo wanasema mbuzi wao wanaumwa nini.