Foleni za Anaheim

Jumapili ya Julai 17, 1955, walinzi wa lango la bustani ya burudani ya Disneyland, mjini Anaheim, California, walikusanya kadi za mwaliko hadi wakaanza kushuku. Siku hiyo ilikuwa ya waalikwa tu, lakini kufikia jioni walioingia walikuwa kama 28,000, wengi wao wakiwa na kadi za kughushi. Inasimuliwa pia kwamba jamaa mmoja alisimika ngazi kwenye uzio akawa anatoza dola 5 kwa kila aliyeruka.

Joto lilikuwa kali. Lami iliyomwagwa haraka haraka ilikuwa haijakauka sawasawa, na visigino virefu vya kina mama vikawa vinazama ndani yake. Mafundi bomba walikuwa wamegoma kabla ya ufunguzi, hivyo mwanzilishi wa bustani, Walt Disney, alilazimika kuchagua kati ya vyoo na mabomba ya maji ya kunywa. Akachagua vyoo. Wageni wenye kiu wakadai ni njama ya kuuza soda. Meli ya Mark Twain nayo ilipakia watu kupita kiasi mpaka maji yakapanda sitahani.

Pamoja na fedheha hiyo yote, kabla ya Septemba kwisha mgeni wa milioni moja alikuwa ameshapita langoni. Watu hawakukosekana. Tabu ni kwamba wakishaingia wote walikimbilia michezo ile ile, huku mingine ikizunguka mitupu.

Oktoba mwaka huo bustani ikaanza kuuza vijitabu vya kuponi. Kiingilio kilikuwa kando. Ndani, kila mchezo ulikuwa na daraja lake, A kwa midogo kama magari ya kukokotwa na farasi ya barabara kuu, C kwa iliyopendwa zaidi. Mwaka 1956 ikaongezwa D. Ilionekana kama njia ya kukusanya senti, na ilikuwa hivyo kweli, lakini ilifanya na kazi nyingine ya kimyakimya. Kila kijitabu kilikuwa na kuponi chache tu za michezo mikubwa. Ukishazimaliza, na za A zimebaki mkononi, utaziacha zipotee bure? Unapanda gari la farasi. Umati ukajitawanya wenyewe bila askari wala kipaza sauti.

Mpango huo ulipata mtihani wake Juni 1959, vilipozinduliwa kwa pamoja vitu vitatu vizito: nyambizi, treni ya reli moja na mlima wa Matterhorn, wenye urefu wa mita 45 hivi, ambao ndani yake vigari viliteremka kwa kasi juu ya reli za mabomba ya chuma. Makamu wa Rais Richard Nixon alikuja na familia yake kuzindua treni. Daraja D halikutosha tena, ikazaliwa E.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote, hata hivyo, ni cha jumba la mizuka. Kwa nje lilikamilika mwaka 1963: kuta nyeupe, nguzo, bustani iliyopaliliwa, na kibao kikiitangazia mizimu isiyo na makao kwamba nyumba ipo. Ndani hamkuwa na kitu. Wabunifu walihamishiwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1964 na 1965, kisha Walt akafariki Desemba 1966. Mtoto aliyelichungulia jumba lile akiwa na miaka saba alikuwa na kumi na mitatu lilipofunguliwa. Sidhani kama kuna tangazo la biashara lingeweza kushinda subira hiyo.

Ucheleweshaji ule uliokoa jambo moja. Mwanzoni wageni walikuwa waingie kwa miguu, kikundi baada ya kikundi, na mtu anayetembea husimama, hushangaa, huwazibia wengine. Kufikia 1969 wahandisi walikuwa na mnyororo wa viti unaozunguka bila kusimama, ukimeza watu zaidi ya 2,000 kwa saa. Jumba likafunguliwa Agosti 9. Wiki moja baadaye, Agosti 16, bustani ilipokea wageni 82,516 kwa siku moja, idadi ambayo haikuwahi kuonekana hapo.

Mwaka 1982 kuponi zikafutwa, ikaja tiketi moja ya dola 12 kwa michezo yote. Wageni walifurahi. Lakini sasa mchezo mkubwa na mdogo vilikuwa na bei moja mkononi mwa mteja, yaani bure, na kilichobaki kuwa bei ni muda wa kusimama. Foleni ndefu zikahamia kudumu kwenye michezo mikubwa, na mwaka 1999 zikaletwa karatasi za kuweka zamu, mtu arudi saa yake ikifika.

Mei 31, 2019, ulipofunguliwa mtaa wa Star Wars wa ekari 14, menejimenti iliogopa mafuriko. Mpaka Juni 23 hakuna aliyeingia mtaani humo bila nafasi aliyoiweka mapema, na wengi wenye pasi za mwaka walizuiwa. Hoteli za jirani zikapandisha bei. Wateja, baada ya kusikia miezi mizima habari za msongamano utakaokuja, wakaahirisha safari. Katika robo ya mwaka iliyoishia Juni, mahudhurio ya bustani za Disney nchini Marekani yalishuka kwa asilimia 3, na mkurugenzi mkuu, Bob Iger, alitaja hofu ya msongamano na bei za hoteli miongoni mwa sababu.

Mchezo mkuu wa mtaa huo ulichelewa hadi Januari 17, 2020. Zamu zake zilitolewa kwa simu, kwa walio ndani ya bustani tu, na zilikwisha dakika chache baada ya bustani kufunguliwa asubuhi. Waliozikosa walikuwa wameshalipa kiingilio, wakaenda kupanga foleni za michezo mingine.