Uvundo Uliofika Bungeni

Sisi tunaosoma London hupita mara kwa mara kwenye Victoria Embankment, kando ya Mto Thames, bila kufikiri kwamba chini ya miguu yetu kuna mfereji mkubwa wa maji taka. Historia ya mfereji huo inatusaidia kujibu swali hili: shida ya watu hugeuka lini kuwa suala la taifa?

Kipindupindu kiliingia Uingereza mwaka 1831. Mwaka 1848 na 1849 kiliua watu wapatao 14,000 hapa London peke yake. Kiliporudi mwaka 1854, Dk. John Snow alifuatilia vifo vya mtaa wa Soho nyumba kwa nyumba, akaonyesha kwamba wengi wa waliokufa walikunywa maji ya pampu moja, ya Broad Street. Mkono wa pampu uling'olewa, lakini hoja yake haikukubaliwa. Wakubwa waliamini kuwa ugonjwa huletwa na hewa chafu. Basi takwimu zilikuwapo, na makaburi yalikuwapo. Kwa maoni yetu, kilichokosekana ni adha kuwafika wenye kuamua.

Iliwafika Juni 1858. Joto lilikuwa kali, kinyesi cha jiji zima kimejaa mtoni, na Bunge limejengwa ukingoni kabisa. Mapazia yakalowekwa dawa ya chokaa, wapi! Wabunge walikaa na leso puani. Katikati ya Julai Disraeli aliwasilisha mswada, na tarehe 2 Agosti ukawa sheria. Mhandisi Joseph Bazalgette alikuwa na michoro tayari. Kwa miaka kadhaa ilikwamishwa na mabishano ya nani alipe na uchafu umwagwe wapi. Pua zilimaliza mabishano hayo kwa wiki chache.

Na hapa pana kichekesho: sheria nzuri ilipita kwa sababu isiyo sahihi. Waliogopa harufu, kumbe hatari ilikuwa majini, kama Snow alivyosema. Mwenyewe hakuishi kuyaona hayo. Alifariki tarehe 16 Juni, uvundo ukiwa umepamba moto, akiwa na miaka 45.

Kazi ilianza, lakini haikufika kila mahali kwa wakati mmoja. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi, kikaua maelfu ya watu, wengi wao London Mashariki, kwenye mitaa ya maskini. Mifereji ya upande huo ilikuwa bado haijakamilika.