Kura ya Aliye Mbali: Meru na Embu kutoka 1957 hadi 2022

Kwa wenyeji wa Meru na Embu, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, haki ya kupiga kura haikuanza kama haki ya uzawa. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau ilikuwa bado inaendelea, na serikali ya kikoloni iliwahesabu Wakikuyu, Waembu na Wameru kuwa fungu moja la washukiwa. Waafrika wengine walitimiza masharti ya elimu, mapato, mali au utumishi, ambayo yaliweza kumpa mtu mmoja hadi kura tatu; watu wa makabila haya matatu walidaiwa pia hati ya utiifu, yaani cheti cha kuthibitisha kwamba mwenye nacho hakuwa upande wa Mau Mau. Aliyekuwa kizuizini, wakiwemo wengi waliokamatwa Nairobi katika msako wa Aprili 1954, alikosa kura kabisa. Matokeo yalionekana mara moja: Wameru walikuwa wengi katika daftari la Mkoa wa Kati, ingawa Wakikuyu waliwazidi mbali kwa idadi ya watu, na mwalimu Bernard Mate wa Meru akamshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza hilo mwaka 1944. Mwaka uliofuata Jeremiah Nyagah wa Embu naye aliingia barazani.

Hati hiyo hatimaye iliondolewa, lakini Mkenya aliyeishi ng'ambo aliendelea kukosa kura hadi Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 82 kinaliagiza Bunge kutunga sheria ya kuwaandikisha raia walio nje hatua kwa hatua. Hatua zenyewe zimekuwa fupi mno. Mwaka 2013 kura ilipigwa Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi pekee. Afrika Kusini iliongezwa mwaka 2017. Na mwaka 2022, nchi zilipofika 12, walioandikishwa walikuwa 10,443 tu. Kwa kuwa kura hupigwa kwenye balozi na ofisi zake ndogo, na hakuna kura ya posta, Mmeru aishiye Dallas alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 1,500 kufika kituo cha Washington au Los Angeles.

Hata akifika, hupewa karatasi moja, ya rais. Tarehe 9 Agosti 2022 Meru ilimchagua Kawira Mwangaza na Embu ikamchagua Cecily Mbarire, magavana wa kwanza wanawake katika kaunti hizo, na hakuna aliye ughaibuni aliyeruhusiwa kushiriki uamuzi huo, ijapokuwa hospitali na barabara ndogo za nyumbani, anakoishi mzazi wake na anakojenga, ziko chini ya gavana. Utaratibu huo si wa haki, na Bunge, lililopewa agizo mwaka 2010, ndilo lenye wajibu wa kuurekebisha.