Mshahara wa baharia, mshahara wa kibarua

Pikipiki, vitenge na mabati yanayouzwa Butembo, mengi hupitia bandari ya Mombasa kabla ya kuvuka mpaka wa Kasindi. Wanaoyavusha bahari ni mabaharia, na historia ya namna wanavyodai mshahara inawahusu hata wakaaji wa komine ya Mususa, walio mbali kabisa na maji ya chumvi.

Zamani, katika sheria ya Waingereza, mshahara wa baharia ulitegemea nauli ya mzigo. Meli ikizama njiani, aliyeokoka alirudi nyumbani mikono mitupu. Desturi hiyo ilifutwa mwaka 1854. Lakini baharia alikuwa na silaha nyingine ya zamani: deni la mshahara linashika meli yenyewe, na hata ikiuzwa, deni linaifuata kwa mnunuzi. Asiyelipwa anaomba mahakama izuie meli bandarini. Kule Mombasa, kazi hiyo ni ya Mahakama Kuu. Mwenye meli akishindwa kulipa, inauzwa, na mabaharia wanalipwa mbele ya benki iliyomkopesha.

Hiyo inafaa kama meli ina thamani. MV Rhosus ilitoka Batumi, Georgia, mwaka 2013 ikielekea Beira, Msumbiji, na tani 2,750 za amonia nitrati. Ilizuiwa Beirut na mwenye meli akaitupa. Kapteni na wenzake watatu walikaa ndani miezi mingi bila mshahara, wakauza mafuta ya meli wapate kumlipa avoka. Mwaka 2014 jaji aliwaruhusu waende. Meli ilikuwa mbovu, ikazama hapo hapo bandarini, na mzigo wake ndio uliolipuka Agosti 4, 2020 na kuua watu zaidi ya 200.

Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 ulirekebishwa ili, tangu Januari 2017, meli ziwe na bima inayolipa hadi miezi minne ya mshahara wa baharia aliyetelekezwa. Kenya iliuridhia mwaka 2014.

Kibarua wa nchi kavu hana meli ya kukamata. Hapa Kongo, dekreti ya Wabelgiji ya 1922 ilimpeleka jela mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha. Jela kwa kuacha kazi! Sheria ya kazi ya 1967, na ile ya Oktoba 16, 2002, zilimpa njia ya kudai. Kwanza anapeleka malalamiko kwa inspekta wa kazi, ambaye anaita pande zote mbili ili wapatane. Tribinali haipokei kesi ambayo haijapita hapo. Penye tribinali ya kazi ambayo bado haijafunguliwa, mahakama za kawaida ndizo zinazosikiliza. Kukosa karatasi ya mkataba si mwisho: mfanyakazi anaweza kuleta mashahidi.

Tatizo kubwa ni muda. Dai la mshahara linakufa baada ya mwaka mmoja, isipokuwa limefikishwa kwa inspekta au mahakamani kabla. Kwa familia iliyokimbia Eringeti au Oicha huku baba akidai miezi ya kazi ya shamba, mwaka huo unahesabiwa tangu siku mshahara ulipopaswa kulipwa, si tangu siku walipofika Mususa.